Diski tatu zimekufa mfululizo: kosa ni la chapa?

Mpiga picha za harusi wa Mtwara mjini akishafiwa na diski ya tatu ya kuhifadhia picha, haji tena kwa fundi kuulizia bei ya kuifufua. Anakuja na swali moja tu: "Kaka, hebu niambie ukweli, chapa gani haifi?" Ya kwanza ilikuwa ya kampuni hii, akahama. Ya pili ya kampuni ile, akahama tena. Ya tatu akainunua kwa sifa alizopewa na mwenzake wa Lindi kwamba hiyo ndiyo chuma. Zote zimelala ndani ya mwaka mmoja, na kila moja imelala na harusi za watu tumboni.

Swali hilo wanalo wengi huku Kusini, kuanzia karani wa AMCOS, chama cha ushirika, mwenye kumbukumbu za wakulima wa korosho hadi kijana wa studio ya muziki mwenye nyimbo za nusu mtaa. Dukani hujibiwa haraka: "Chukua hii, ile nyingine kimeo." Jibu la kweli ni refu zaidi, na linaanzia kwenye maboksi yenyewe.

Kwenye rafu ya duka utakuta majina kadhaa, rangi kadhaa. Lakini diski zenye sahani zinazozunguka hutengenezwa leo na kampuni tatu tu duniani: Seagate na Western Digital za Marekani, na Toshiba ya Japani. Basi. Transcend, ADATA na Silicon Power hununua diski kwa mmoja wa hao watatu, wakaivika kasha lao. LaCie, ile yenye kasha la mpira wa rangi ya chungwa ambalo wapiga picha wanalipenda, ni mali ya Seagate. Kwa hiyo mtu anaweza kuapa kwamba amehama chapa, kumbe amehama kasha.

Zamani watengenezaji walikuwa wengi. IBM ndiyo iliyoleta ya kwanza mwaka 1956, mtambo wenye sahani 50 za upana wa inchi 24 uliobeba megabaiti 5, ambazo leo hazitoshi picha moja mbichi ya kamera nzuri. Baadaye wakaanza kumezana. Maxtor iliimeza biashara ya diski ya Quantum mwaka 2001, nayo ikamezwa na Seagate mwaka 2006. Fujitsu ikawaachia Toshiba mwaka 2009. Samsung ikaiuzia Seagate mwaka 2011. IBM ilikwisha kuuza yake kwa Hitachi, na ya Hitachi ikaishia kwa Western Digital mwaka 2012.

Njia hiyo ya IBM ina funzo kwa anayeamini majina. Mwaka 2000 hivi IBM ilitoa diski iitwayo Deskstar 75GXP, ikafa kwa wingi hadi wateja wa Marekani wakaenda mahakamani mwaka 2001, na wachekeshaji wa kompyuta wakaibatiza Deathstar. Jina Deskstar lilinuka. Lakini ukoo uleule, ukiwa mikononi mwa Hitachi, miaka kumi na kitu baadaye ulikuwa unashika nafasi za juu kabisa kwa kutokufa. Aliyeapa mwaka 2001 kutoigusa tena alijinyima diski bora za mwaka 2014.

Tunajuaje kwamba zilikuwa bora? Ipo kampuni ya Marekani ya kuhifadhi data za watu, Backblaze, ambayo tangu mwaka 2013 inatangaza ni diski zipi zimekufa kwenye seva zake, yaani kompyuta zake za kuhifadhia, na leo inaendesha diski laki kadhaa. Ni takwimu za wazi, na mtu yeyote anaweza kuzipakua. Kwa jumla, katika kila diski 100 zinazofanya kazi mwaka mzima, hufa moja au mbili. Tofauti kati ya kampuni ipo, lakini tofauti kati ya toleo na toleo ndani ya kampuni moja ni kubwa kuliko hiyo. Toleo la Seagate la terabaiti 3, namba ST3000DM001, lilikufa kwa kiasi cha kutisha kwenye seva hizo, na mwaka 2016 likafunguliwa kesi Marekani. Lakini matoleo ya terabaiti 4 ya Seagate hiyohiyo, humohumo kwenye seva za Backblaze, yalikwenda vizuri tu. Anayesema "Seagate mbaya" na anayesema "Seagate nzuri" wote wana ushahidi mkononi, kila mmoja anazungumzia toleo lake.

Hapa watu wa korosho wataelewa upesi. Hakuna mnunuzi anayekadiria ubora wa ghala zima kwa kuonja punje moja. Sampuli huchotwa magunia mbalimbali, zikapasuliwa, zikapimwa. Mtu aliyemiliki diski nne maishani mwake ameonja punje nne, halafu anatangaza bei ya ghala.

Pia takwimu za Backblaze zina mpaka wake, na mpaka huo unatugusa sisi. Zile ni diski kubwa za inchi 3.5 zilizofungwa kwenye kabati za chuma, ndani ya ukumbi wenye kipoza hewa, umeme haukatiki, hakuna anayezigusa. Diski yako ni ya inchi 2.5, inaishi kwenye begi pamoja na chaja, na inakwenda Newala kwa bodaboda. Namba za kule zinakuambia kiwanda kilitoa kitu gani. Hazikuambii kitu hicho kitaishije Mtwara.

Sasa njoo kwenye hesabu niliyotaka tufike. Chukua diski ambayo uwezekano wake wa kufa ndani ya mwaka ni asilimia 2. Uwezekano wa tatu ulizozichagua kufa zote ndani ya mwaka huo, kwa bahati mbaya tu, ni nane katika milioni moja. Sema nimependelea viwanda, sema diski zote tatu ni za hovyo na kila moja ina asilimia 10 ya kufa kwa mwaka. Bado ni moja katika elfu. Bahati mbaya ya namna hiyo ipo, lakini si ya kuitafuta kwanza. Diski tatu za kampuni tofauti zikifa kwa mtu mmoja mwaka mmoja, kitu kinachofanana kati yake si kiwanda. Ni meza, ni kebo, ni soketi, ni begi, au ni duka zilikonunuliwa.

Fundi mzuri, kabla hajafungua skrubu, ataomba kuona kebo. Na si ajabu kesi ikaishia hapo. Diski ndogo ya nje haina umeme wake; hunyonya kutoka kwenye tundu la USB. Tundu la zamani la USB 2.0 limeahidi miliampea 500, la USB 3.0 miliampea 900, na diski inapoanza kuzunguka huweza kutaka kiasi kinachokaribia ampea nzima. Ukiichomeka kwenye kigawanyio cha matundu manne chenye kipanya na flashi, au ukatumia kebo ndefu ya bei ya kutupa, motor inaanza, umeme unapungua, inazima, inaanza tena. Utasikia tik, kimya, tik, kimya. Kwenye skrini inatokea na kupotea. Mwenyewe anasema imekufa. Ukiibadilishia kebo fupi na kuichomeka moja kwa moja nyuma ya kompyuta, inasoma. Na kile kichwa cha kebo kipana na bapa, chenye sehemu mbili, hulegea haraka hasa kwa anayekunja kebo na kuifunga mpira. Kikiachia katikati ya kuandika, mafaili yanaharibika hata kama diski ni nzima.

Diski kubwa zenye adapta yake zina ugonjwa mwingine. Nyingi hutaka volti 12. Kwenye droo ya studio kuna adapta ya king'amuzi, ya ruta, ya laptopu ya zamani ya volti 19, na vichwa vyake vinaingiliana. Aliyekosea usiku akachomeka ya 19 atasikia harufu. Hapo mara nyingi kinachoungua ni kijidude cha ulinzi kwenye ubao wa elektroniki wa diski, na fundi wa elektroniki anayejua kazi anaweza kuiokoa. Sahani ndani hazijaguswa. Kwa hiyo usiitupe, na usikubali mtu akubadilishie ubao mzima na wa diski nyingine kienyeji: ubao una kumbukumbu ndogo yenye vipimo vya diski hiyohiyo, bila hivyo haisomi.

Kukatika kwa umeme, ambako huku tunakufahamu bila kuelezwa, kunaumiza zaidi kompyuta ya mezani kuliko laptopu, kwa sababu laptopu ina betri ya kuilinda diski iliyochomekwa. Umeme unaorudi ndio mbaya kuliko unaokwenda, hasa kama soketi moja ya ekstensheni imebeba kompyuta, friji na feni. UPS ndogo, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, kwa kompyuta ya studio ina faida kuliko kuongeza pesa ili kupata chapa yenye sifa. Asiye nayo achomoe diski umeme ukikatika, airudishe ukishatulia.

Kuanguka ni kifo kinachojulikana, ila wengi wanakielewa nusu. Ndani ya diski ndogo sahani huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kinachosoma kinaelea juu yake kwa nafasi isiyofika hata nanomita kumi. Chembe ya vumbi la kawaida ni kubwa kuliko nafasi hiyo mara mia na zaidi. Diski ikiwa imezimwa, kichwa kimeegeshwa pembeni, ndiyo maana safari ya bodaboda si hatari kama watu wanavyodhani. Hatari ni diski inayozunguka. Kuivuta kidogo mezani ili kupisha sahani ya wali, kuiinua huku inanakili, kuiacha ining'inie kwenye kebo mtoto akapita: hapo kichwa hugusa sahani. Siku hiyo haitakufa. Itakufa wiki tatu baadaye, na mwenyewe atalaumu chapa.

Na kuna jambo la pwani ambalo sisi wa Mtwara, Mikindani na Lindi tunapaswa kulitazama kuliko watu wa Dodoma. Wengi huogopa joto. Utafiti wa Google wa mwaka 2007, uliofuatilia diski zaidi ya 100,000, ulikuta joto halina uhusiano mkubwa na vifo kama ilivyodhaniwa, isipokuwa likizidi sana na kwa diski zilizozeeka. Mwaka 2016 watafiti wa Microsoft na Chuo Kikuu cha Rutgers wakatazama diski zaidi ya milioni moja kwenye vituo vinavyopozwa kwa hewa ya nje, wakakuta unyevu wa hewa ndio unaoleta madhara kuliko joto, na kinachoshindwa zaidi ni ubao na miunganisho yake, si sahani. Hewa yetu ya masika, Desemba hadi Aprili, ina unyevu mwingi, na karibu na bahari ina chumvi juu yake. Diski iliyolazwa kabatini mtaa wa Shangani hapa Mtwara miezi minne bila kuguswa huota kutu kwenye vichwa vya kuunganishia. Iweke kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Bei yake ni sifuri.

Duka nalo lina sehemu yake. Diski ya nje ya "terabaiti 16" inayouzwa kwa bei ya mlo wa watu wanne si diski. Ndani kuna kadi ndogo ya kumbukumbu iliyofundishwa kudanganya ukubwa wake, na nyingine zimekutwa na nati zilizogundishwa ili mkono uhisi uzito. Ukinakili gigabaiti za kwanza zinakaa. Ukizidisha, majina ya mafaili yanaonekana, lakini ukifungua hakuna kitu. Huyu naye atasema diski imekufa, kumbe haikuwahi kuwa hai. Programu ya bure ya H2testw kwa Windows, au F3 kwa Linux na Mac, huijaza diski yote kisha ikaisoma tena, na feki haina pa kujificha. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, iache usiku. Fanya hivyo siku ya kununua, wakati risiti bado ina joto na muuzaji bado anakukumbuka sura.

Udanganyifu wa pili ni diski iliyotumika kuuzwa kama mpya, na huo haukuachia hata Ulaya: Januari 2025 ilifichuka Ujerumani kwamba diski za Seagate za seva zilizokwisha kufanya kazi maelfu ya saa zimeuzwa kama mpya huku kumbukumbu zake zikiwa zimefutwa. Kwetu hujitokeza kwa unyonge zaidi, diski ya laptopu ya mtumba ndani ya kasha jipya. Kuna programu ya bure, CrystalDiskInfo, inayosoma taarifa ambazo diski yenyewe hujiandikia, ziitwazo SMART. Tazama saa ilizowashwa. Mpya inasoma sifuri au saa chache. Ikisoma 20,000, hiyo imefanya kazi zaidi ya miaka miwili bila kulala, na muuzaji ana maelezo ya kutoa.

Ukiwa humohumo tazama kipengele namba 5, 197 na 198. Hivyo vinahesabu sehemu za sahani zilizoharibika au zinazoshukiwa. Vikiwa sifuri, vizuri. Vikianza kupanda wiki hadi wiki, hamisha kila kitu leo. Utafiti uleule wa Google ulikuta diski iliyoonesha kosa la kwanza la kusoma inapojikagua ilikuwa na uwezekano mara 39 wa kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyo na kosa. Lakini zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa zimeonesha chochote katika dalili kuu nne. SMART ikisema mbaya iamini; ikisema nzuri, ipe nusu ya imani.

Na ile namba ya mamilioni kwenye makaratasi ya kiwanda, "wastani wa saa milioni moja kabla ya hitilafu," isikupumbaze. Saa milioni ni miaka 114, na hakuna diski itakayofika huko. Maana yake ni kwamba katika diski 1,000 zikiwashwa mwaka mzima watarajie zife kama tisa. Watafiti wa Carnegie Mellon walipohesabu mwaka 2007, walikuta kinachotokea kweli mara nyingi ni 20 hadi 40. Waranti nayo isomwe kwa utulivu: inakurudishia diski, hairudishi harusi.

Vipi kuhusu SSD, zisizo na sahani wala kichwa? Kwa mtu anayezunguka na kazi zake kati ya Masasi na Lindi, ndiyo, SSD ya nje inafaa zaidi begini, kwa kuwa kuanguka hakuitishi. Lakini usidhani umehama ulimwengu wa matoleo mabovu. Mwaka 2023 baadhi ya SSD za SanDisk Extreme Pro zilipoteza data za watu, kampuni ikatoa marekebisho ya programu yake, kesi zikafuata. Tena SSD hutunza data kwa chaji ya umeme. Iliyochoka ikiachwa kabatini bila umeme mwaka mzima inaweza kuanza kusahau. Ya kazini iwe SSD, ya kuhifadhia iwe ya sahani, na kila baada ya miezi michache zote mbili zichomekwe.

Iliyokwisha kuanza kugonga tik-tik hata kwa kebo nzima, izime. Kichwa kinatafuta alama zake hakizioni, na kila dakika unayoiacha inajikwangua. Habari za kuiweka kwenye friji zipuuze. Kwa unyevu wetu utatoa diski iliyolowa. Wala usiifungue kutazama. Kama bado inasoma kwa kusuasua, fundi anaweza kuinakili nzima kwa programu ya ddrescue, inayochukua kwanza sehemu nzima na kurudia mbovu mwishoni. Kuendesha programu ya Windows ya kurekebisha makosa juu ya diski inayokufa ni kumkimbiza mgonjwa ngazi.

Kwa hiyo chapa gani? Mimi nasema mbili. Nunua moja ya Western Digital na moja ya Seagate au Toshiba, kwa siku tofauti, ikiwezekana kwa maduka tofauti, kila moja na risiti ya EFD. Mbili za toleo moja kutoka boksi moja huweza kuwa na kasoro moja, zikafa wiki moja. Kuna wanaotegemea wingu, yaani kuhifadhi kazi kwenye intaneti, peke yake. Wakumbuke tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika pamoja, intaneti ikawa ya kubahatisha nchi nzima kwa siku kadhaa. Wingu liwe nakala ya tatu, kwa zile picha chache ambazo mteja hatasamehe zikipotea.

Diski ya kwanza ikae studio. Ya pili ikae kwa ndugu Mikindani, ndani ya kopo lake, ije mjini kila mwisho wa wiki kuchukua kazi mpya na kurudi siku hiyohiyo. Na kadi ya kamera isifutwe mpaka harusi hiyo imeonekana, na kufunguka, kwenye diski zote mbili.